Kwa nini pikipiki hugoma kuwaka alfajiri yenye baridi

SAA kumi na moja alfajiri katika nyanda za Kinangop, Kaunti ya Nyandarua, umande umetanda juu ya viti vya pikipiki na pumzi za watu zinaonekana kama moshi. Mitungi ya maziwa imekwisha kujazwa na inasubiri kufikishwa katika kituo cha kukusanyia kabla lori halijaondoka.

Mwendeshaji wa bodaboda anabonyeza stata. Injini inazunguka kwa uvivu, inakohoa mara moja, kisha inanyamaza. Anabonyeza tena na tena hadi betri inaishiwa nguvu. Anageukia kiki, anapiga mara ishirini, jasho linamtoka licha ya baridi, lakini pikipiki haiwaki.

Saa mbili baadaye, jua likiwa limepanda, chombo kile kile kinawaka kwa kiki moja kana kwamba hakikuwa na neno. Hata hivyo, kufikia wakati huo lori la maziwa limekwenda zake, watoto waliotarajiwa kupelekwa shuleni wametafuta njia nyingine, na mapato ya asubuhi yamepotea.

Kisa cha aina hii hujirudia kila mwaka katika maeneo ya juu ya nchi, hasa kati ya Juni na Agosti. Wakazi wa Limuru, Nyahururu, Ol Kalou, Molo na Timboroa wanafahamu fika jinsi usiku wa miezi hiyo unavyoweza kushuka chini ya nyuzijoto 10.

Aidha, miezi ya kiangazi haina nafuu kila mara. Katika Januari na Februari, anga isiyo na mawingu huacha joto la ardhi lipotee usiku, na sakitu huonekana mashambani kunapokucha. Mnamo Januari 2012 sakitu ya namna hiyo iliunguza majani chai katika sehemu za Kericho na Nandi.

Tangu serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250 mnamo 2008, vyombo hivi vimeenea hadi vijijini na kuwa tegemeo la usafiri mahali ambapo matatu hazifiki. Waendeshaji wengi wamevinunua kwa mkopo unaolipwa kila siku au kila wiki, na deni halingoji jua lichomoze. Isitoshe, pikipiki hiyo hiyo ndiyo huitwa usiku wa manane mama mjamzito anaposhikwa na uchungu.

Kwa sababu hiyo, wengi wakikwama hukimbilia kununua spea. Leo wananunua plagi, kesho betri, na mtondo kabureta nzima, ilhali kasoro ilikuwa ni uchafu mdogo usioonekana kwa urahisi.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba baridi ya Kenya, peke yake, haina uwezo wa kuizuia pikipiki nzima kuwaka. Katika nchi ambako maji huganda barabarani, pikipiki bado huwaka. Baridi hufanya kazi ya mtahini: huufichua udhaifu uliokuwemo tayari, ambao joto la mchana lilikuwa likiusitiri.

BARIDI HUFANYA NINI

Injini ya petroli huhitaji mambo matatu ili iwake. Inahitaji petroli iliyochanganyika na hewa kwa kipimo kinachofaa, cheche yenye nguvu kutoka kwa plagi, na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Baridi huyashambulia yote matatu kwa wakati mmoja.

Tukianza na petroli, ni muhimu kukumbuka kwamba kinachowaka ndani ya silinda si petroli ya majimaji, bali ni mvuke wake. Injini ikiwa moto, petroli hugeuka mvuke upesi na kuchanganyika na hewa kwa kiasi cha gramu 15 hivi za hewa kwa kila gramu moja ya petroli.

Injini ikiwa baridi, sehemu kubwa ya petroli hubaki matone na kuganda kwenye kuta za bomba la kuingilia. Mvuke unaofika kwenye plagi huwa haba, hata kama petroli yenyewe imetoka tangini kwa wingi.

Hapo ndipo choki inapohitajika. Kazi yake ni kuifanya kabureta itoe petroli nyingi kuliko kawaida kwa muda mfupi, ili hata kama sehemu kubwa haikugeuka mvuke, hiyo ndogo iliyogeuka itoshe kuwaka.

Pili, baridi huifanya oili kuwa nzito. Pistoni, krenki na gia huzunguka kwa shida, na stata hulazimika kutumia nguvu zaidi kuzisukuma.

Tatu, betri hufanya kazi kwa mabadiliko ya kikemikali ambayo huenda polepole kukiwa na baridi. Hivyo basi, wakati ule ule injini inapodai umeme mwingi kuliko kawaida, betri huwa na umeme mchache wa kutoa. Betri iliyochoka hufaulu mchana lakini hushindwa alfajiri.

Nne, umande huingia kwenye kofia ya plagi na nyaya zilizochakaa. Umeme wa cheche, ambao hutafuta njia nyepesi, hupitia kwenye unyevu huo na kupotelea kwenye bodi ya injini badala ya kuruka katika ncha za plagi. Jua likikausha umande, kasoro hutoweka na mwenye pikipiki hudhani imejiponya.

JINSI YA KUWASHA

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, yafaa kuhakikisha kwamba utaratibu wa kuwasha ni sahihi, kwani pikipiki nyingi hulaumiwa kwa makosa ya mkono unaoziwasha.

Kwanza, koki ya mafuta iliyo chini ya tangi iwe imefunguliwa, gia iwe kwenye nyutro na swichi nyekundu ya kuzima injini iwe mahali pake. Ni jambo la kuchekesha, lakini swichi hii imewafanya wengi wapige kiki hadi mguu ukaisha nguvu, ilhali mtoto aliyekuwa akichezea pikipiki jioni ndiye aliyeibonyeza.

Pili, kabla ya kufungua ufunguo, piga kiki mara mbili au tatu taratibu. Hatua hii huisogeza oili iliyolala usiku kucha na kuvuta petroli kidogo hadi kwenye silinda.

Tatu, vuta choki hadi mwisho, fungua ufunguo, kisha uwashe bila kuzungusha mkono wa mafuta. Hapa ndipo wengi hukosea. Katika pikipiki nyingi ndogo, petroli ya choki hufyonzwa kupitia njia yake ndogo kwa nguvu ya mvuto wa injini wakati mkono wa mafuta umefungwa. Ukiufungua, mvuto huo hupungua na choki huwa kama haipo.

Wanaotumia stata wanashauriwa kushika klachi ili stata isibebe mzigo wa gia zilizolowa oili nzito. Stata isibonyezwe kwa zaidi ya sekunde tano mfululizo. Iachwe ipumzike angalau sekunde kumi na tano kabla ya kujaribu tena. Kuing'ang'ania ndiko huiua betri na kuichoma mota.

Injini ikishawaka, iache ingurume kwa dakika moja au mbili huku ukirudisha choki kidogo kidogo, kisha uondoke kwa mwendo wa pole. Kuendesha safari nzima choki ikiwa wazi hupoteza petroli, huijaza plagi masizi na kuosha oili kwenye kuta za silinda, jambo ambalo huchakaza ringi za pistoni mapema.

Kwa pikipiki mpya zinazotumia mfumo wa kunyunyizia petroli kwa kompyuta badala ya kabureta, utaratibu ni tofauti kidogo. Hazina choki ya kuvuta. Mwendeshaji hufungua ufunguo, husubiri sekunde mbili au tatu hadi pampu ya petroli iache kuvuma, kisha huwasha bila kugusa mkono wa mafuta. Pikipiki hizi huitegemea sana betri, na nyingi haziwezi kuwaka betri ikiwa imekufa kabisa.

UKIPIGA HAIWAKI, TAZAMA DALILI

Ikiwa utaratibu umefuatwa na bado pikipiki imegoma, kinachohitajika ni kusoma dalili kwa mpangilio. Fundi mwenye hekima huanza na kitu rahisi kisicho na gharama kabla ya kufika kwenye kitu ghali.

Dalili ya kwanza ni sauti ya stata. Ikiwa inazunguka kwa uvivu au inatoa tu mlio wa 'tik tik', kosa liko kwenye betri au miunganisho yake. Tazama vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani uliojikusanya hapo huzuia umeme, na unaweza kusuguliwa kwa brashi na maji ya vuguvugu baada ya kuchomoa waya.

Mwenye mita ya kupimia umeme anaweza kujua hali ya betri kwa uhakika. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6 au zaidi ikiwa imetulia. Ikisoma chini ya 12.2 imekwisha kupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Stata inapobonyezwa, kipimo kikishuka chini ya volti 9.6, betri hiyo imechoka au haijachajiwa vya kutosha.

Injini ikinguruma kwa kasi ya wastani, mita inapaswa kuonyesha kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Kikiwa chini ya hapo, mfumo wa kuchaji una hitilafu, na kununua betri mpya ni sawa na kujaza maji kwenye mtungi uliotoboka.

Vilevile, waendeshaji wengi huongeza taa za urembo, redio na vifaa vya kuchaji simu bila kujua kwamba betri ya pikipiki ni ndogo mno. Redio inayolia kwenye steji jioni nzima injini ikiwa imezimwa ndiyo huleta kilio cha alfajiri.

Dalili ya pili hupatikana kwenye plagi. Baada ya kujaribu kuwasha mara kadhaa, ifungue na uitazame ncha yake.

Ikiwa imekauka kabisa, petroli haifiki kwenye silinda. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, basi ama petroli imezidi au cheche haipo. Ikiwa na masizi meusi makavu, injini imekuwa ikipata petroli nyingi kuliko hewa. Ikiwa nyeupe kama chokaa, imekuwa ikipata petroli haba. Plagi yenye afya huwa na rangi ya hudhurungi isiyokolea.

PLAGI ILIYOKAUKA

Penye ukavu, fuata njia ya petroli kutoka tangini kwenda chini. Hakikisha petroli ipo na koki haijaziba. Fungua kifuniko cha tangi kisha ujaribu tena kuwasha, kwa maana kifuniko kina tundu dogo la kuingiza hewa, na likiziba petroli hukataa kuteremka.

Baadaye legeza skrubu ya kutolea maji chini ya bakuli la kabureta na ukinge kinachotoka kwa chupa safi ya kioo. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutuama chini na kuonekana kama matone yanayoteleza. Tangi linaloachwa nusu usiku wa baridi hukusanya unyevu ndani yake, na kidogo kidogo maji hayo huishia kwenye kabureta.

Ikiwa petroli inatoka vizuri lakini plagi bado ni kavu, basi huenda jeti ndogo ya kabureta imeziba. Jeti hii ndiyo hulisha injini wakati wa kuwasha na inaponguruma pikipiki ikiwa imesimama. Tundu lake ni jembamba mno, na chembe moja ya kutu kutoka tangini hutosha kuliziba.

Dalili yake ni pikipiki kuwaka kwa choki tu na kuzima pindi choki inaporudishwa, hata baada ya injini kupata joto. Jeti isafishwe kwa hewa ya pampu au dawa ya kusafishia kabureta. Kulichokonoa tundu kwa waya hulipanua, na baada ya hapo pikipiki itakunywa petroli bila kipimo.

Ubora wa petroli yenyewe pia una uzito. Petroli ni mchanganyiko wa sehemu nyepesi zinazogeuka mvuke upesi na sehemu nzito zinazochelewa. Zile nyepesi ndizo huwasha injini baridi, na ndizo za kwanza kupotea hewani petroli inapokaa wiki nyingi tangini au kwenye chupa za kando ya barabara.

Hatari zaidi ni petroli iliyotiwa mafuta ya taa. Mvuke wa petroli unaweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzijoto 40 chini ya sufuri, lakini mafuta ya taa huhitaji kupata joto la takriban nyuzijoto 38 kabla ya kutoa mvuke wa kutosha kuwaka. Pikipiki iliyotiliwa mchanganyiko huo inaweza kwenda vizuri mchana injini ikiwa moto, kisha ikakataa katakata alfajiri.

Udanganyifu huo si dhana tupu. Mnamo Septemba 2018 serikali ilianza kutoza ada ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwakatisha tamaa wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na mafuta ya magari. Mwendeshaji ambaye pikipiki yake ilianza kugoma mara tu alipobadilisha mahali pa kununua petroli ana sababu ya kushuku mahali hapo kabla ya kumshuku fundi.

PLAGI ILIYOLOWA

Kulowa kwa plagi mara nyingi humaanisha kwamba injini imefurika petroli baada ya choki kutumiwa kupita kiasi. Dawa yake ni rahisi: rudisha choki, fungua mkono wa mafuta hadi mwisho na upige kiki mara kadhaa ili hewa ikaushe silinda. Wakati huohuo plagi inaweza kupanguswa na kukaushwa.

Waendeshaji wa maeneo ya juu sana wana sababu ya pekee ya kuwa waangalifu hapa. Huko Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu robo ikilinganishwa na ya Mombasa. Kabureta iliyotengenezwa kwa hewa ya pwani hutoa petroli ile ile kwa hewa iliyopungua, hivyo mchanganyiko huwa mzito tayari hata kabla ya choki kuvutwa.

Kwa hiyo baridi hudai petroli iongezwe, huku mwinuko ukidai ipunguzwe. Pikipiki iliyoletwa kutoka nyanda za chini na ambayo hujaza plagi masizi mara kwa mara huhitaji fundi kuirekebisha kabureta ilingane na mahali inapofanyia kazi. Kubadilisha plagi kila wiki si tiba.

Ikiwa injini haikufurika, pima cheche. Chomeka plagi kwenye kofia yake, uilaze ili chuma chake kiguse injini mbali na tundu ilimotoka, kisha piga kiki. Usiishike kwa mkono mtupu, na hakikisha hakuna petroli iliyomwagika karibu.

Cheche nzuri ni ya buluu na hutoa mlio. Ile ya rangi ya chungwa iliyofifia ni dhaifu, na injini baridi haiikubali. Jaribu plagi nyingine iliyo nzima. Cheche ikiwa bado ni hafifu, kausha kofia, kagua waya, na hapo ndipo uanze kuwazia koili.

Mwanya wa plagi pia huathiri. Katika pikipiki nyingi ndogo huwa kati ya milimita 0.6 na 0.8, lakini kijitabu cha pikipiki ndicho chenye neno la mwisho. Kadiri ncha zinavyoliwa ndivyo mwanya unavyopanuka, na ndivyo umeme unavyohitaji nguvu zaidi kuuruka.

KIKI INAPOKUWA NYEPESI

Kuna wakati petroli ipo na cheche ni ya buluu, lakini pikipiki haiwaki. Mguu ndio hutoa jibu. Kiki yenye afya hukinza mguu kwa nguvu kabla ya kushuka. Ikishuka kirahisi kama ya baiskeli, mgandamizo umepungua.

Chanzo kimoja ni vali zilizobanwa. Kadiri injini inavyotumika, nafasi ndogo inayoachwa kati ya vali na mkono unaozisukuma hupungua, hadi vali hazifungi kikamilifu na mgandamizo huvuja. Mafundi huirekebisha nafasi hiyo kwa kazi wanayoiita kuseti tapeti.

Ni kazi ya muda mfupi ambayo hufanywa injini ikiwa imepoa kabisa, kwa kutumia vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia. Fundi anayeseti tapeti injini ikiwa moto, au kwa kukisia kwa macho, humwachia mteja tatizo lile lile alilokuja nalo.

Chanzo cha pili ni ringi zilizochakaa. Njia moja ya kutofautisha ni kutia kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi na kupiga kiki mara chache. Kiki ikiwa nzito ghafla, oili imeziba kwa muda mwanya wa ringi, na hilo ni thibitisho kwamba zimeisha. Ikibaki nyepesi vile vile, shuku vali.

Oili nayo isisahaulike. Alama kama 20W-50 au 10W-30 kwenye mkebe ina maana. Nambari iliyo kabla ya herufi W huonyesha oili inavyotiririka kukiwa na baridi: ikiwa ndogo, oili ni nyepesi alfajiri. Chagua ile tu iliyoruhusiwa katika kijitabu cha pikipiki, na yenye alama ya JASO MA inayoonyesha kwamba inafaa klachi inayoogelea ndani ya oili. Kuchanganya oili na petroli au mafuta ya taa ili iwe nyepesi ni kuiangamiza injini.

NJIA ZA MKATO ZENYE HATARI

Katika harakati za kuwahi kazi, baadhi ya watu huchukua hatua zinazoweza kuwagharimu maisha.

Kuna wanaoweka jiko la makaa chini ya injini ili kuipasha joto. Juu ya jiko hilo kuna tangi lililojaa petroli na kabureta inayoweza kuvuja wakati wowote. Wengine humimina petroli kwenye tundu la plagi kisha wakajaribu cheche papo hapo. Moto unaozuka hauachi nafasi ya kutafakari.

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Wengi hulaza pikipiki ndani ya nyumba kwa kuhofia wezi, na kunapokucha huiwasha humo humo mlango ukiwa umefungwa kuzuia baridi. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na choki ikiwa wazi gesi hiyo huongezeka. Inaweza kuua waliolala katika chumba hicho bila wao kuamka.

Kulaza pikipiki ndani huisaidia kweli isipate umande, lakini ni sharti isukumwe nje kabla ya kuwashwa. Iwapo hakuna nafasi ndani, ifunikwe kwa turubai lisilogusa ardhi pande zote ili unyevu usifungiwe humo.

Kuwasha kwa kusukuma kunakubalika ikiwa shida ni betri pekee na barabara ni tambarare. Kuteremka mlima wenye ukungu ukiwa na mitungi ya maziwa nyuma, ukitarajia injini itawaka njiani, ni kucheza na mauti.

KAZI YA JIONI

Tiba kubwa ya tatizo la alfajiri hufanywa jioni iliyotangulia. Kujaza tangi hupunguza nafasi ya unyevu. Kupangusa kofia ya plagi kwa kitambaa kikavu huchukua chini ya dakika moja. Kuzima redio na taa za ziada kabla ya injini huiachia betri nguvu za kesho.

Kila mwezi, chujio la hewa likaguliwe, kwani chujio lililojaa vumbi huinyima injini hewa na kuleta masizi yale yale ya plagi. Tapeti na plagi zipimwe kwa vipindi vilivyoandikwa katika kijitabu, na bakuli la kabureta limwagwe maji msimu wa baridi unapokaribia.

Aidha, mwendeshaji akimpelekea fundi pikipiki, amweleze dalili kwa ukamilifu: kama stata ilizunguka vizuri, plagi ilikuwa kavu au imelowa, injini ilizima choki iliporudishwa, au iliwaka jua lilipotoka. Maelezo hayo humwonyesha fundi pa kuanzia, na humlinda mteja asiuziwe spea asizozihitaji.

Mwendeshaji wa Kinangop aliyekosa lori la maziwa hakuhitaji kabureta mpya. Pikipiki iliyowaka yenyewe baada ya umande kukauka ilikuwa imekwisha kumwonyesha ilipo kasoro: kofia ya plagi iliyopasuka na betri iliyochoshwa na redio ya jioni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa pikipiki huonekana mapema zaidi asubuhi ya baridi kwa yule aliye tayari kuutazama.